Mbwa wa Mfano na Waonjaji Wake

Katika nchi yetu hakuna tatizo lisilo na taasisi. Yapo machache ambayo bado hayajapata taasisi, lakini hayo yanasubiri bajeti, na wananchi wameombwa wayavumilie.

Taasisi ya Taifa ya Lishe na Tiba Asilia ya Mbwa ilipatikana kwa namna ya pekee, kwa kuwa ilitangulia tatizo lake. Waziri wa Mbwa na Uaminifu, Mheshimiwa Pangrasi Mtitu, alikwenda ng'ambo kwa ziara ya kikazi. Huko alimwona mbwa ambaye manyoya yake yaling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akauliza anapakwa mafuta gani. Wenyeji wake wakamjibu kwamba hapakwi kitu. Amekatazwa tu chakula cha viwandani. Anakula maini, mifupa yenye nyama, dagaa, maboga na majani mabichi, na akipata kupe huogeshwa kwa maji ya mwarobaini.

Mheshimiwa alirudi na kuzungumza na waandishi wa habari palepale uwanja wa ndege, kabla hata mabegi yake hayajatoka.

"Kuanzia leo," alisema, "mbwa wote wa nchi hii waache mara moja chakula cha viwandani."

Mbwa wa nchi yetu hawakuwahi kukiona chakula hicho. Walikuwa wakila makoko ya ugali, vichwa vya dagaa, panya, na mjusi inapotokea bahati. Hata hivyo walitii. Waliacha siku hiyohiyo, na wizara ikatangaza kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja. Hakuna agizo lingine katika historia yetu lililotekelezwa kwa kasi hiyo.

Baada ya mafanikio hayo, ilionekana ni vema kuunda taasisi ya kuyasimamia. Mkurugenzi wake akawa Dakta Gervasi Kihunda, bingwa wa udongo. Waliouliza mahali udongo unapokutana na mbwa walijibiwa kwamba mbwa hulala juu yake.

*

Taasisi ilihitaji Mbwa wa Mfano. Huyu angelishwa chakula asilia mbele ya taifa zima, angenawiri, na wananchi wangeona faida kwa macho yao. Timu ya wataalamu ilizunguka mikoani ikitafuta mbwa anayefaa, na ikampata katika kijiji cha Lukweme, chini ya mlima.

Mbwa huyo aliitwa Mtachoka. Huko Lukweme, mtu asiyetaka ugomvi humpa mbwa wake jina lenye maneno anayotaka kuwaambia majirani, kisha humwita kwa sauti kubwa asubuhi. Mwenye mbwa, Zawena Mkalapa, alikuwa amesemwa sana alipoamua kulima mahindi kwenye kipande cha ardhi kilicho jirani na nyani wa mlimani. Akafuga mbwa, akampa jina hilo, na akaanza kumwita. Jirani yake Mwajabu naye alikuwa na mbwa aitwaye Yanakuhusu. Wanawake hawa wawili walikuwa marafiki wakubwa.

Mtachoka alikuwa na kifua kipana, meno meupe na sauti iliyowatoa nyani shambani kabla yeye mwenyewe hajafika. Kwa sababu yake Zawena alivuna kila mwaka. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake hadi msimu mwingine, na mwaka huo hakuwa na shamba jingine wala akiba.

Gari la Taasisi liliingia uani likiwa limefungwa utepe.

"Mama, hongera sana," alisema Dakta Kihunda akishuka. "Mbwa wako amechaguliwa na taifa."

"Kwani aligombea?" aliuliza Zawena.

"Amependekezwa."

"Na mahindi yangu atayalinda nani? Yanakaribia kubeba. Nyani wanayaona kuliko ninavyoyaona mimi."

"Suala la nyani haliko wizara yetu, mama. Nyani wako Maliasili."

"Basi waambie Maliasili waje wawachukue nyani wao, na nyinyi mniachie mbwa wangu."

"Hoja yako nzuri. Tutaiwasilisha." Dakta aliweka mkono begani kwa mbwa, kwa upole. "Tunamhitaji siku chache tu, hadi uzinduzi. Mgeni rasmi akishamzindua, utarudishiwa akiwa na afya bora."

"Afya anayo tayari."

"Ndiyo maana tumemchagua."

Wengine wamekejeli uamuzi huo. Mimi naona ulikuwa wa kitaalamu kabisa. Ukianza na mbwa mgonjwa, matokeo yanaweza kuchelewa, na pengine yasije. Ukianza na mbwa mzima, nusu ya kazi imeshafanyika.

*

Chakula cha Mbwa wa Mfano kilikuwa kizuri. Hilo halina ubishi. Kila asubuhi yaliletwa maini ya ng'ombe, mifupa yenye uboho, dagaa wakavu, boga, karoti, majani ya mlonge na mafuta ya nazi yaliyokamuliwa kwa mkono. Vyote vilichemshwa taratibu katika sufuria moja kubwa. Harufu yake ilisababisha ofisi za jirani kufungua madirisha.

Kama inavyojulikana, katika nchi yetu chakula cha umma hakitolewi bila kuonjwa. Utaratibu huu ni wa zamani na unatulinda. Mpishi alionja kwanza ili kuhakikisha kwamba chumvi haijazidi. Chakula cha mbwa hakikutiwa chumvi, kwa hiyo ilimlazimu aonje mara nyingi kabla ya kuridhika. Ofisa Ubora alionja ubora. Mhasibu alionja thamani ya fedha, ambayo kwa maoni yake ilikuwa imejificha ndani ya uboho. Ofisa Usalama alionja sumu. Dereva alionja kwa kuwa ndiye aliyebeba boga. Mwisho Dakta Kihunda alionja kwa niaba ya mbwa.

Kilichosalia kilimiminwa kwenye bakuli la udongo lenye nembo ya taifa na kupelekwa kwa Mtachoka kwa heshima zote. Kilikuwa cha moto na chenye rangi nzuri. Ukikitazama kwa makini uliweza kuliona ua lililochorwa ndani ya bakuli, chini kabisa.

Haukupita muda mrefu kabla faida za lishe asilia hazijaanza kuonekana. Mhasibu, ambaye kipara chake kilikuwa kikongwe kuliko Taasisi, aliota nywele laini kisogoni. Ofisa Usalama aliacha kulalamikia magoti. Dereva alitafuna muwa kwa upande wa meno aliokuwa ameusahau. Dakta Kihunda alipanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta, na sauti yake, ambayo kwa miaka mingi haikuvuka meza ya pili, ilianza kusikika hadi getini.

Taasisi ilimwandikia Mheshimiwa Waziri kwamba tangu mradi uanze afya imeimarika kwa kiwango kikubwa. Taarifa hiyo ilikuwa ya kweli. Haikutaja tu afya ya nani.

*

Uzinduzi uliahirishwa. Mheshimiwa alikuwa na kalvati la kuzindua kusini. Uliahirishwa tena kwa sababu ya bomba la maji, kisha kwa sababu ya semina ya kuratibu ratiba za uzinduzi. Sheria yetu iko wazi: kitu kinachosubiri mgeni rasmi hakiwezi kutumiwa, kuhamishwa wala kurudishwa kwa mwenyewe. Tuna madaraja ambayo watu huvuka kwa kupita chini yake.

Kule Lukweme mahindi yalikuwa yakitoa ndevu. Nyani walishuka siku ya kwanza kwa tahadhari. Walikaa ukingoni mwa shamba wakisikiliza. Siku ya pili walikaa ndani ya shamba. Zawena alipiga debe hadi mikono ikamwuma, nao wakamtazama kama wajumbe wanavyomtazama mtoa mada wa mwisho kabla ya chakula cha mchana.

"Shoga," Mwajabu aliita kutoka ng'ambo ya ua, "leo wageni wako wamekuja na wakwe!"

"Niazime Yanakuhusu, nakuomba!"

"Yanakuhusu anaogopa hata kuku, wewe si unajua? Ukimpeleka huko watamkalia." Mwajabu alivuka ua akiwa ameshika mchi, akaanza kurusha mawe pamoja na mwenzake. "Nenda kamfuate mbwa wako, Zawena. Ukingoja mgeni rasmi utavuna mabua."

Upande wa juu wa shamba ulikuwa umeshaliwa. Zawena alifunga makoko ya ugali na vichwa vya dagaa katika kitambaa, akaenda mjini.

Getini mlinzi alikifungua kitambaa.

"Mama, chakula hiki kimethibitishwa kuwa asilia?"

"Kithibitishwe na nani? Ni dagaa."

"Hapo ndipo tatizo lilipo." Mlinzi alichukua kichwa kimoja, akatafuna akiwa amefumba macho. Akachukua kingine kwa ajili ya uhakika. Walipomaliza mjadala, kitambaa kilikuwa kitupu na Zawena alikuwa ameruhusiwa kuingia.

Alimkuta Mtachoka amelala kwenye kibanda kilichopakwa rangi ya bendera. Mbavu zake zilihesabika. Alinyanyua mkia, akaushusha, kama mtu aliyetaka kuzungumza akaghairi.

"Dakta," Zawena alisema, "huyu ni mbwa wangu au ni picha yake?"

"Amepunguza mwili," alijibu Dakta Kihunda kwa ile sauti yake mpya. "Wenzetu wa ng'ambo wanalipia gharama kubwa kufika hapo."

"Anakufa huyu."

"Anajitakasa, mama. Tiba asilia haina haraka."

Zawena alimtazama Dakta. Mashavu yalikuwa yamejaa, macho meupe, nywele zinang'aa. Akageuka akaitazama sufuria iliyokuwa ikioshwa uani.

"Nimchukue leo," alisema. "Nitamrudisha siku ya uzinduzi."

"Hajazinduliwa. Nikikupa nitakuwa nimevunja sheria." Dakta alilainisha sauti. "Uzinduzi ni Jumamosi hii. Safari hii ni hakika, viti vimeshakodiwa. Njoo uvae vizuri."

*

Jumamosi yalikuwapo maturubai, bendi ya tarumbeta, na kanga zenye picha ya Mtachoka aliyopigwa siku alipotolewa Lukweme. Mshereheshaji alisalimia waheshimiwa mmoja mmoja hadi jua likahamia upande wa pili wa jukwaa, kisha akasema kwamba itifaki imezingatiwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa jukwaani, nyuma ya pazia la samawati lenye kamba, kama lile linalofunika mawe ya msingi. Dakta Kihunda alikuwa nyuma ya pazia hilo pamoja naye. Ratiba ilieleza kwamba alikuwa akimwandaa. Ukweli ni kwamba alikuwa akijaribu kumsimamisha. Akimwinua mbele, nyuma kunaanguka.

Mheshimiwa Pangrasi Mtitu alihutubia.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilojua mbwa wake wanakula nini, haliwezi kujua linabwekewa na nani!" Watu walipiga makofi. "Wapo wanaobeza. Wanasema maini ya nini, boga la nini. Leo watajibiwa, na hawatajibiwa na mimi. Watajibiwa na mbwa mwenyewe! Wataalamu wananiambia kwamba afya ya mbwa iko katika sauti yake. Nitamwita kwa jina, naye ataitika. Mtachoka!"

Baadhi ya wazee waliokuwa wamekaa tangu asubuhi waliitikia kwa kichwa.

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya.

"Mtachoka!" Mheshimiwa aliita tena, na safari hii tabasamu lake lilikuwa limepungua.

Dakta Kihunda alimtikisa mbwa. Mbwa alifungua mdomo, akapiga mwayo. Dakta alifikiria taasisi, gari, nyumba ya serikali yenye miembe miwili. Kisha akapiga magoti, akavuta pumzi, na akabweka.

Ni lazima niwe mkweli hapa. Kulikuwa na maini ya wiki nyingi katika sauti ile, na uboho, na mafuta ya nazi. Ilitoka nzito, safi, yenye mwangwi. Mpiga tarumbeta wa mbele aliangusha chombo chake. Watoto walipanda mapajani kwa mama zao. Paka wa mama lishe aliondoka uwanjani na hajaonekana tena.

"Mmesikia?" Mheshimiwa alifuta machozi. "Hiyo ni lishe asilia! Mara ya pili, Mtachoka!"

Dakta alibweka mara ya pili. Kwa kuwa hofu ilikuwa imemtoka, aliongeza na mngurumo mdogo mwishoni.

Mheshimiwa hakungoja kuvuta kamba. Aliita mwenye mbwa aje apokee mali yake mbele ya taifa. Zawena alipanda jukwaani akiwa amevaa vizuri kama alivyoagizwa. Aliijua sauti ya mbwa wake, na aliijua pia ile sauti mpya ya Dakta aliyoisikia uani mwa Taasisi wiki hiyo. Akashika kipaza sauti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Furahi! Leo unarudishiwa."

"Nimefurahi. Naomba tu nielewe vizuri, mimi ni mtu wa shamba. Ninarudishiwa nani?"

"Ha! Huyo aliyebweka, mama!"

"Aliyebweka ndiye wa kwangu? Nimchukue leo?"

"Aliyebweka ni wako. Mchukue leo hii, akalinde shamba. Ninaagiza!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Agizo la mgeni rasmi lililotolewa kwenye kipaza sauti halitenguliwi katika nchi yetu. Hata yeye mwenyewe hawezi kulitengua, kwa kuwa hakuna sherehe ya kutengua.

Zawena aliingia nyuma ya pazia. Dakta Kihunda alikuwa bado amepiga magoti, tai imegusa sakafu.

"Dakta, twende," alinong'ona.

"Mama, tafadhali."

"Umelisikia agizo."

"Mimi nina shahada ya uzamivu!"

"Nyani hawatakuuliza shahada. Wewe bweka tu kama ulivyobweka."

"Na nikikataa?"

Zawena alishika kamba ya pazia. Nje bendi ilikuwa imeanza tena.

"Huyu je?" Dakta aliuliza, akimwonyesha mbwa aliyelala.

"Huyu hakubweka, kwa hiyo serikali haimdai. Mnyanyue upande wa nyuma, mimi nashika mbele. Tunashukia nyuma ya jukwaa."

*

Wizara iliandika kwamba Mkurugenzi amekwenda vijijini kikazi, jambo lililokuwa sahihi.

Alianza kazi kesho yake, akiwa juu ya kichuguu, na tai yake. Nyani walikuwa wamezoea mbwa, debe, mawe na wanawake. Hawakuwa wamejiandaa kukutana na mwanamume mnene mwenye miwani anayebweka. Walikimbia hadi kileleni, na kwa siku kadhaa walionekana wakitazama chini kwa mashauriano.

"Shoga," alisema Mwajabu akimkabidhi Dakta hindi la kuchoma, "huyu wako ana sauti kumshinda yule wa kwanza. Ila anakula!"

"Mwache," Zawena alisema. "Akibweka na ale."

Mtachoka alilazwa kivulini karibu na jiko. Alipewa makoko yaliyolowekwa kwenye supu ya dagaa, kidogo kidogo. Hakuna aliyeionja njiani, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa kutoka jikoni hadi mlangoni. Baadaye alipewa mifupa. Baadaye alianza kuchimba panya mwenyewe. Zawena alimwogesha kwa maji ya mwarobaini, na Dakta Kihunda, ambaye alikuwa mtu mwema pale alipokuwa hana wadhifa, alimshika masikio ili maji yasiingie.

"Hivi ndivyo ilivyoandikwa katika mwongozo wetu," alisema kwa mshangao. "Supu, mifupa, mwarobaini. Kila kitu."

"Mwongozo ulikuwa mzuri," alijibu Zawena. "Mbwa hakuusoma, aliungojea kwenye bakuli."

Siku mahindi yalipokauka tayari kwa kuvunwa, Mtachoka aliamka kabla ya watu. Alijinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akaingia shambani kukagua. Katikati ya shamba aliona kiumbe kikubwa kimeketi juu ya kichuguu, kikitafuna hindi ambalo mwenye shamba hakuligawa. Mbwa huyu alikuwa amelelewa kwa kazi moja. Sauti yake ilirudi yote kwa mara moja.

Dakta Kihunda alibweka kujibu, kwa mazoea. Alipomwona anayemjibu, aliacha hindi na kukimbia. Walivuka shamba, wakavuka ua wa Mwajabu, na Yanakuhusu aliyekuwa amelala hapo alijiunga nao bila kuuliza. Zawena aliita, "Mtachoka! Rudi!" lakini hakuita kwa nguvu sana. Mbwa alirudi peke yake kutoka barabarani, akiwa na kipande cha suruali ya kitambaa kizuri.

Upande wa juu wa shamba ulikuwa umepotea. Wa chini ulijaza ghala hadi kwenye paa, na huo ulitosha.

Wanawake wale wawili walikuwa wakipukuchua mahindi uani redio iliposoma taarifa ya Taasisi ya Taifa ya Lishe na Tiba Asilia ya Mbwa. Iliwajulisha wananchi kwamba Mbwa wa Mfano, baada ya kumaliza majaribio ya shambani kwa ufanisi mkubwa, amerejea makao makuu salama. Afya yake ni njema, na asubuhi hiyo alikula sufuria nzima.